Mtamba wa Rosa na Hewa ya Kwamsisi

Ukitaka kumuudhi Ernesti wa Handeni, muulize kwa nini mahindi yake hayajauzwa. Atakutazama kwa huruma, atasafisha koo, kisha atakujibu neno moja tu: "Bado." Bei ikiwa chini, bado itapanda. Ikipanda, bado itapanda zaidi. Ikiporomoka, basi bado itarudi. Na katikati ya hizo bado zote dumuzi wamo ndani ya magunia, wanakula bila kungoja soko. Rosa, mkewe, alishazoea kuusikia mlio wao wakati akipika.

Kwa jina la heshima Ernesti ni mfanyabiashara wa mazao. Kwa jina la mtaani ni mlanguzi, na mwenyewe hakatai. Huenda Kwamsisi na vijiji vya jirani mahindi yakiwa bado yanatoa ndevu, akamtafuta mkulima mwenye shida, akayanunua yakiwa palepale shambani. Wakishapeana mikono mbele ya mashahidi, Ernesti huchomoa kitambaa chekundu mfukoni na kukifunga kwenye bua la pembeni. Kila apitaye anajua kwamba mahindi hayo sasa ni ya Ernesti, na mwenye shamba amebaki na kazi ya kufukuza ngedere tu.

Tabia hii aliitoa mbali. Babu yake alikuja Korogwe kutoka Songea akiwa manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, akazikwa bila hata kuku wa kurithisha. Ernesti alizaliwa kwenye nyumba za mstari za kambi ya mkonge, na akatoka huko na somo moja: afanyaye kazi hula leo, angojaye ndiye hujenga. Nyumba yake mwenyewe, ukiingia leo, haina dari. Anangoja bei ya mbao ishuke.

Sasa, mwaka huo Rosa aliitwa Lutindi. Mama yake alikuwa ameteleza mteremkoni akavunjika mguu, na mguu wa mtu mzima hauungi kwa haraka. Rosa alifunga nguo zake, akamwachia mumewe nyumba, kuku na mtamba mwenye mimba aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko.

Mtamba huyo alikuwa na habari yake. Alitoka kwenye kikundi cha akina mama, na sharti la kikundi lilijulikana na kila mtu: ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza unampa mwenzako anayefuata. Aliyekuwa anafuata ni jirani yao Mwatumu, ambaye kwa hamu tu alikuwa ameshajenga kibanda cha huyo ndama.

"Baba Joyce," Rosa alisema akiwa ameshapakia begi kwenye bodaboda, "huyu ng'ombe si wako. Kwa sasa si wangu hata mimi. Umesikia?"

"Mama Joyce, wewe nenda kauguze. Kwani mimi mtoto?"

Rosa alipanda bodaboda, akaondoka.

Haukupita muda mrefu Ernesti akawa Kwamsisi kwenye shughuli zake za mahindi, akakuta mkutano. Kampuni moja ilikuwa inakubaliana na kijiji juu ya msitu wao. Mtaalamu wake, kijana mpole aitwaye Mhina, alikuwa amesimama mbele ya watu akieleza. Miti, alisema, inavuta hewa chafu, iitwayo kaboni, na kuifungia ndani. Kaya zitakazokubali kutochoma mkaa na kutoingiza mifugo kwenye sehemu iliyotengwa zitapata kila moja fungu lake, hewa iliyohifadhiwa ikishapimwa, ikaandikiwa vyeti, na vyeti vikauzwa nje.

"Na anayenunua ni nani?" aliuliza mama mmoja. "Maana hewa hata hapa ipo, na hatulipi."

Watu wakacheka. Mhina naye akacheka, kisha akaeleza kwamba wapo wenye viwanda na ndege, wanaotoa moshi kule na kulipia miti huku. "Halafu wapo wengine," aliongeza, "hawana kiwanda wala moshi. Wao wananunua vyeti vikiwa rahisi, wanaviweka, bei ikipanda wanauza."

Ernesti, aliyekuwa amekaa nyuma akichokonoa meno, aliacha kuchokonoa. Kumbe! Kumbe huko Ulaya nako kuna watu wanaonunua wakaweka wakasema bado! Alijisikia kama mtu aliyekulia yatima akaambiwa ana ndugu, tena wenye uwezo. Mtaani kwake waliwaita watu wa namna hiyo walanguzi, na kule, kwa maelezo ya Mhina, walivaa tai.

Na huyo ndugu yao wa Handeni aliona faida ambayo wao wasingeiona. Kaboni haina dumuzi. Haihitaji stoo wala magunia, hainyeshewi, haiibiwi. Ni mali ya kungoja tu, na kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Tatizo likawa mtaji. Fedha yake yote ilikuwa imelala kwenye mahindi, na mahindi, kama ujuavyo, bado. Alirudi Handeni akazunguka uani akiwaza, na kila alipozunguka alikutana na mtamba wa Rosa akicheua. Mara ya kwanza aligeuza uso. Mara ya pili alimwangalia kidogo. Baadaye akajiambia kwamba si kuuza, ni kugeuza tu: ng'ombe anakuwa kaboni, kaboni inapanda, kaboni inakuwa ng'ombe wawili, na Rosa akishuka kutoka Lutindi anakuta mume mwenye akili. Mlanguzi akishaanza kujieleza mwenyewe ujue biashara imekwisha.

Mtu aliyemwendea ni Parsaoti, mfugaji ambaye boma lake liko ukingoni mwa ule msitu. Walifahamiana kwa miaka ya kupitana njiani. Ukame uliopita ulikuwa umemmalizia ng'ombe karibu wote, na wale wachache waliosalia hawakuwa na maziwa ya kutosha wajukuu. Hata hivyo Parsaoti alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukubali kuufunga msitu, maana alisema msitu ukiisha hata mvua itawasahau.

Ernesti alifika akimvuta mtamba kwa kamba. Akaeleza haja yake kwa utaratibu: yeye anatoa mtamba, mwenzake anatoa fungu lake la hewa, si la mwaka huu tu, la miaka mitatu.

"Hewa ya msituni?" Parsaoti aliuliza.

"Hiyohiyo."

"Unaitaka?"

"Naitaka."

"Chukua," alisema Parsaoti, kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. Macho yake yalikuwa kwa mtamba. Alimzunguka, akampapasa tumbo. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika. "Mwaka huu watu wengi walikuja hapa kunipa pole. Wewe umekuja na ng'ombe. Sisi mtu akikupa mtamba humwiti tena jina lake. Kuanzia leo sikuiti Ernesti. Nakuita Paashe, jina la waliopeana ng'ombe, na wewe uniite Paashe. Hata tukikutana mjini."

"Haina shida," alisema Ernesti, ambaye kwa biashara nzuri angekubali kuitwa hata Bilauri. Wakashikana mikono. Nasinkoi, mke wa Parsaoti, akaleta maziwa kwenye kibuyu, kidogo yaliyokuwepo, na wajukuu wakaja mmoja mmoja wakainamisha vichwa ili mgeni awaguse utosini. Kabla ya kuondoka Ernesti aliingia ukingoni mwa msitu akafunga kitambaa chake chekundu kwenye mninga. Wanawake waliokuja kuokota kuni walipokiona wakadhani ni mambo ya mganga, wakabadilisha njia.

Basi ikaanza enzi ya Ernesti. Kila alipopita mjini Handeni aliingia kwenye kibanda cha Chausiku, binti anayetoa fotokopi na kutuma fedha kwa simu, akamwomba amtafutie bei ya kaboni duniani.

"Shikamoo mzee. Leo imepanda," Chausiku angesema akitazama kompyuta.

"Marahaba. Nilijua."

"Si uuze sasa?"

"Subira huvuta heri, binti yangu."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mzee wangu."

Ilipanda kweli. Ilipanda mpaka Erasto, mlanguzi mwenzake wa Korogwe, akapanda basi kuja kumwona, akampa ahadi ya ng'ombe wawili wakubwa kwa lile fungu. Na Erasto hakulitaka kwa ajili yake, alikuwa na mtu Tanga atakayelinunua, na huyo wa Tanga alikuwa na mtu Dar es Salaam. Walibishana juu ya bei mbele ya sahani za wali, wakabishana tena kwa simu. Hewa ya Parsaoti ikawa na wenyewe wengi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala usingizi karibu na ule msitu. Mti wenyewe ulikuwa kule kimya, unavuta hewa yake taratibu, haujui kama leo una thamani kuliko jana.

Ng'ombe wawili! Mwenye akili timamu angechukua, akamrudisha mmoja nyuma ya jiko, na hadithi hii isingekuwepo. Ernesti alimsindikiza Erasto mpaka stendi, akamshika bega, akamwambia, "Bado."

Lutindi nako Rosa alikuwa akipiga simu.

"Mtamba hajambo?"

"Anakula vizuri sana, Mama Joyce." Na hapo tusimsingizie Ernesti, hakusema uongo. Mtamba alikuwa anakula vizuri, kwa Parsaoti.

Siku moja Chausiku alitazama kompyuta yake. Akaigonga kidogo pembeni, akaitazama tena. "Mzee," alisema, "nadhani imekosea." Haikuwa imekosea. Bei ilikuwa imeanguka, na iliendelea kuanguka siku zilizofuata kama mtu anayeteremka mlima wa Lutindi kwenye tope.

Ernesti alimfuata Mhina Kwamsisi akamkuta anapima miti kwa futi kamba. Alitaka kujua msitu umeungua lini.

"Haujaungua, mzee. Angalia mwenyewe."

"Miti imekatwa?"

"Hata tawi." Mhina alifunga futi yake. "Kuna msitu wa nchi nyingine kabisa, watu wameandika kwamba hesabu zake zilitiwa chumvi. Wale niliowaambia, wanaonunua ili wauze, wakaogopa. Mmoja akauza, wa pili akamwona akauza, wakakimbia wote kwa pamoja. Hata vyeti vya kwetu vikashuka navyo."

"Lakini sisi hatukutia chumvi!"

"Kwani wanaujua msitu wetu? Walikuwa wananunua bei, mzee, si miti. Bei ilipopanda wao ndio waliipandisha. Wametoka, imeshuka. Kijiji kitapata kitu, hawa wenye viwanda bado wananunua. Ila kidogo, na kwa kuchelewa."

Ernesti alikaa chini kwenye mzizi. Kilichomuuma, ukiondoa hasara yenyewe, ni kwamba alielewa kila neno. Ndivyo alivyofanya yeye na Erasto na wenzao kwa mahindi ya watu miaka yote, walikimbilia na kukimbia, na mkulima akabaki anashangaa shamba lake limekosa nini. Lakini mahindi yakishuka bei unasaga, unasonga ugali, unakula hasara yako ukiwa umeshiba. Hewa utaisaga wapi?

Akiwa bado pale simu ikalia. Mguu wa mama ulikuwa umeunga, Rosa anashuka kesho kutwa. Apokelewe Korogwe.

Hapo ndipo jasho la kweli lilipomtoka. Rosa akifika akakuta kamba tupu nyuma ya jiko, si yeye tu: kikundi kizima, na Mwatumu na kile kibanda chake. Mwanamke aliyepoteza ng'ombe wa kikundi haaminiwi tena hata kwa kijiko cha mchango wa msiba, na Rosa hakuwa na kosa lolote. Ernesti alimpenda mkewe. Hakuwa amelisema hilo kwa miaka mingi, hilo nalo alikuwa akilingojea wakati mzuri, lakini alimpenda, na aliona aibu iliyokuwa inamwendea.

Akavuka moja kwa moja mpaka kwa Parsaoti.

"Paashe!" Parsaoti aliita akiwa bado mbali. Wajukuu wakaja mbio na vichwa vyao. Nasinkoi akaja na kibuyu, na safari hii kilikuwa kimejaa. Mtamba alikuwa amezaa. Ndama jike, mwekundu, miguu mirefu, alikuwa anajikwaa kando ya mama yake.

Ernesti alisema haja yake bila kuinua uso. Kwamba biashara imekwenda vibaya. Kwamba anaomba wavunje makubaliano, achukue ng'ombe wake, na hewa airudishe yote, hata kitambaa atakifungua.

Parsaoti hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alionekana kutoelewa, kama mtu anayeambiwa amrudishe mtoto kwa mkunga.

"Biashara?" alisema. "Mimi sikufanya biashara. Ulisema unataka hewa, nikaona rafiki yangu anataka kitu cha kwangu, nikampa. Ungetaka fimbo yangu ningekupa. Ng'ombe ulinipa kwa sababu nilikuwa sina." Alinyosha mkono kuelekea zizini. "Yule pale. Mchukue, na ndama wake. Sitakuzuia. Lakini ukifungua ile kamba umefungua na jina."

Ernesti aliichukua kamba. Alifika mpaka zizini. Mjukuu mmoja wa kike, mdomo mweupe kwa maziwa, alikuwa ameegemea ubavu wa ng'ombe akimwimbia ndama wimbo usio na maneno. Ernesti alisimama na kamba yake, kisha akaitundika kwenye mti wa lango, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Hakuwahi kufanya biashara ya kipumbavu namna ile, na njia nzima alishindwa kujuta.

Korogwe stendi Rosa alishuka na mkungu wa ndizi na uso wa mtu aliyelala vizuri baada ya miezi mingi. Ernesti alikuwa amepanga kumwambia nyumbani, akishakula. Au kesho, akishapumzika. Au Jumapili, wakishatoka kanisani, moyo ukiwa laini. Wakati wowote ule ulikuwa na bei nzuri kuliko pale stendi, wapiga debe wakipiga kelele na jua likiwaka utosini. Akaupokea mkungu, akauweka chini.

"Mama Joyce," alisema, "mtamba wako nimemtoa." Na akasema yote, mpaka la Erasto na ng'ombe wawili, la mwisho likiwa gumu kuliko la kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuuza mali bei ikiwa chini kabisa.

Rosa aligeuka akaenda dukani. Alinunua maji, akanywa nusu, akamwagia mikono nusu iliyobaki. Basi la Handeni lilikuwa linajaza abiria, nao wakapanda, na njia nzima Ernesti alisafiri na mkungu mapajani kama mtoto aliyekosa. Asubuhi yake Rosa alijifunga kitenge, akasema, "Twende Kwamsisi."

Alipofika bomani alisalimia wote mpaka wa mwisho. Akamzunguka ng'ombe, akampapasa, akamtazama ndama. Akawatazama wajukuu na midomo yao. Kisha akakaa kwenye kigoda mbele ya Parsaoti.

"Baba," alisema, "huyu ng'ombe alikuwa wangu, na mume wangu hakuwa na ruhusa ya kumtoa. Kwa hiyo hakukupa kitu."

Parsaoti alitikisa kichwa taratibu, uso umeanguka.

"Sasa ninakupa mimi," Rosa aliendelea. "Ila huyu ndama ana mwenyewe, anaitwa Mwatumu, akiacha kunyonya nitakuja naye amchukue. Jike atakayefuata utaniletea mimi. Maziwa ni ya hawa watoto. Na hewa yako ni yako. Fedha yake ikija, hata ikiwa ndogo, usimpe mtu yeyote anayekuja na kitambaa chekundu."

Ernesti alisikiliza mdomo wazi. Kwa pumzi moja mkewe alikuwa amelilipa deni la kikundi, ameweka akiba yake, na hakuna aliyekuwa amelia. Hakuwa hata amesema bado.

Parsaoti alisimama. Akamshika Rosa mikono yote miwili, akamwita kwa sauti iliyosikika boma zima: "Paashe!"

"Paashe," alijibu Rosa, kana kwamba amezaliwa nalo.

Watoto wakamkimbilia yeye na vichwa vyao. Ernesti alisogea kidogo, akakohoa. Aliona aibu kuuliza, lakini aliuliza, kwa sababu lilikuwa linamchoma kuliko bei yoyote.

"Na mimi je?"

Parsaoti alimwangalia kwa upole wote. Nasinkoi alikuwa ameshaziba mdomo kwa shuka.

"Wewe," alisema Parsaoti, "ni mume wa Paashe."

Boma lote likaangua kicheko, Rosa akiwa wa kwanza, na Ernesti akaona hawezi kufanya lingine ila kucheka nao, machozi yakimlengalenga. Mpaka leo, ukienda Kwamsisi ukamtaja kwa jina lake, watakuuliza Ernesti yupi. Mtaje kwa hilo lingine, utaonyeshwa njia. Naye mwenyewe akiitwa hivyo, hata akiwa katikati ya kupatana bei, anaitika mara moja.